Panya wa Maji ya Chumvi

Picha ya kwanza niliyomtumia mama kutoka maabara ilikuwa kijani kitupu. Huku Marekani ilikuwa saa nne usiku, Tanga alfajiri, na nilijua ameshaamka kuswali. Nikaandika chini ya picha: "Shikamoo mama. Hili ni ini la panya. Jeni niliyoipeleka imefika." Akanijibu kwa sauti, maana kuandika kwenye simu kunamchosha macho: "Marahaba. Mashallah, mwanangu. Kumbe ini linaweza kupendeza hivi?"

Wiki tatu baadaye nilijua kwamba sehemu kubwa ya kijani kile haikutoka kwenye jeni yangu. Ilitoka kwenye ini lenyewe.

Wapo wadogo zangu walio vyuoni huko nyumbani ambao huniuliza kazi hii, ya kupeleka jeni kwenye ini la panya kwa kutumia virusi, inafanywaje. Kila nikianza kuwaeleza najikuta narudi palepale, kwa panya ambaye hakupewa kirusi hata kimoja. Nimeona bora niandike yote mara moja.

Kazi yenyewe ni kama kutuma mzigo kwa basi. Ukitaka kumpelekea dada yako kitu kutoka Dar kwenda Tanga, unaupeleka mzigo stendi, unawakabidhi watu wa basi, juu yake umeandika jina na namba ya simu. Basi litaufikisha Tanga. Lakini basi halimjui dada yako. Kufika mjini ni jambo moja, kufika mkononi mwa mwenyewe ni jingine, na mtu anayefanya kazi ya vekta za virusi, yaani virusi vilivyogeuzwa wabebaji wa jeni, anahangaika na yote mawili.

Basi letu ni kirusi kinachoitwa AAV. Kilionekana mara ya kwanza mwaka 1965, kikiwa kimejichanganya na adenovirusi, virusi vya kundi jingine vilivyokuwa vikioteshwa maabara. Watu walikiona kama uchafu. Ni kidogo sana, upana wake nanomita 25 hivi, na peke yake hakiwezi kuzaliana mpaka kirusi kingine kikisaidie. DNA yake yote ni herufi 4,700 tu. Sisi tunazitoa jeni zake zote, tunabakiza ncha mbili za pembeni, kila ncha herufi 145, na katikati tunaweka mzigo wetu. Kilichobaki ni gamba la protini lililobeba kitu cha watu wengine.

Magamba yapo ya aina nyingi, na kila aina ina viungo inavyovipenda. Ninalotumia mimi ni la AAV8. Lilitangazwa mwaka 2002 na Guangping Gao na wenzake katika maabara ya James Wilson, Chuo Kikuu cha Pennsylvania, baada ya kulipata ndani ya tishu za kima wa aina ya rhesus. Ukimchoma panya AAV8 kwenye damu, ini ndilo linalopokea zaidi. Sababu mojawapo ni umbo la ini lenyewe: kuta za mishipa yake midogo zina matundu kama chujio la nazi, na nyuma ya matundu hayo hakuna utando wa kuzuia. Chochote kidogo kilichomo kwenye damu kinapenya na kugusana na seli moja kwa moja.

Ila basi husimama pia njiani. AAV8 hushusha sehemu ya mzigo kwenye moyo na kwenye misuli, hasa dozi ikiwa kubwa. Hapo ndipo jina juu ya mzigo linapohitajika. Jina hilo ni promota, kipande cha DNA kinachokaa mbele ya jeni na kuamua isomwe na nani. Promota yangu imetokana na jeni ya TBG, protini inayobeba homoni za tezi ya shingo ndani ya damu na ambayo hutengenezwa na ini. Vitu vinavyohitajika kuisoma promota hiyo vimo kwenye hepatosaiti, yaani seli kuu za ini, na kwingine havipo au ni haba. Kirusi kikiingia kwenye seli ya moyo, mzigo unakaa pale umefungwa. Hakuna wa kuufungua.

Ndani ya mzigo kuna jeni ripota. Yenyewe haitibu kitu. Kazi yake ni kutoa habari kwamba imefika, imefika wapi, na imesomwa kwa kiasi gani. Ripota yangu ni GFP, protini ya kijani yenye asidi amino 238, ambayo hupokea mwanga wa buluu na kuurudisha ukiwa kijani.

Hapa naomba nisimame kidogo, kwa sababu kijani hiki kina historia ninayoipenda. Osamu Shimomura alikuwa na miaka 16 bomu la Nagasaki lilipoanguka; alikuwa Isahaya, si mbali na hapo, na mwako wake ulimpofusha macho kwa muda. Mwaka 1961 alikuwa Friday Harbor, pwani ya jimbo la Washington, akivua yavuyavu kwa maelfu ili ajue kwa nini wanawaka. Aliipata protini inayotoa mwanga wa buluu, na pembeni yake, kwa kiasi kidogo, nyingine ya kijani inayoupokea ule wa buluu na kuugeuza. Aliiandika ile ya kijani mwaka 1962 kama jambo la kando. Mtoto wa Tanga anayajua maji yanayowaka. Usiku usio na mwezi ukipiga kasia unaona cheche. Lakini cheche zile huwashwa na viumbe wenyewe, wakati GFP haiwaki mpaka imulikwe. Tofauti hiyo niliijua kwa kichwa. Uzito wake niliuona baadaye, kwa machungu.

Miaka 30 ikapita. Mwaka 1992 Douglas Prasher akaipata jeni ya protini ile, akawagawia Martin Chalfie na Roger Tsien walipoiomba. Chalfie alionyesha mwaka 1994 kwamba bakteria na minyoo waliopewa jeni hiyo hung'aa bila msaada mwingine wowote. Tsien akaiboresha ing'ae zaidi, na baadaye maabara yake ikatengeneza nyekundu za kila namna. Shimomura, Chalfie na Tsien walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2008. Siku hizo Prasher, aliyekosa fedha za utafiti miaka mingi nyuma, alikuwa akiendesha gari la kuwasafirisha wateja wa duka la magari huko Alabama. Washindi walimwalika Stockholm, na hilo ni la kuwashukuru. Hata hivyo, kila ninapofungua kichupa cha jeni hii naona jina lake lilistahili kutajwa mara nyingi zaidi.

Turudi maabara. Virusi tunavitengeneza ndani ya seli za HEK293, zilizotokana na figo la kijusi cha binadamu huko Leiden, Uholanzi, mwaka 1973. Namba 293 ni jaribio la 293 la Frank Graham, na mimi huitaja kwa wanafunzi kila mara, wajue majaribio 292 yalitangulia. Seli hizo unazipa plasmidi tatu, yaani DNA za mviringo, kwa pamoja: moja ina mzigo wako, ya pili ina maelekezo ya kujenga gamba, ya tatu ina jeni za msaada zilizoazimwa kwa adenovirusi. Baada ya siku tatu hivi unavuna, unasafisha kwa kuzungusha kwa kasi kubwa, unapima. Panya mmoja hupata nakala kama bilioni 100 ndani ya tone dogo la maji ya chumvi, kupitia mshipa wa mkia. Mkia unaupasha joto kwanza ili mshipa utanuke. Mkono ukitetemeka, dawa inaingia chini ya ngozi, utaona kauvimbe kadogo keupe, na huyo panya huwezi kumhesabu tena.

Niliwachoma panya sita. Wengine wawili, wa kulinganisha, nikawachoma maji ya chumvi matupu. Baada ya wiki tatu kamati ya maadili iliruhusu, kama ilivyoandikwa kwenye kibali, wauawe kwa dawa ya usingizi na maini yachukuliwe. Niliyagandisha maini yote manane. Nikayakata yale sita.

Mawili sikuyakata. Ilikuwa jioni, mashine ya kukata ilikuwa na foleni kesho yake, nikajiambia ini la panya wa maji ya chumvi najua litakavyokuwa: jeusi. Nikaweka vipande chini ya hadubini, nikaona kijani hafifu, nikaongeza muda wa kamera kukusanya mwanga. Kijani kikakolea. Nikaongeza tena. Hiyo ndiyo picha aliyoiona mama.

Wiki tatu nilitembea na ile picha. Niliiweka kwenye mkutano wa maabara, nikaeleza kwa furaha kwamba karibu kila seli ya ini imepokea. Mtu aliyekuwa akisimamia hadubini, mama wa makamo ambaye huongea kwa nadra, akainua mkono na kuuliza: "Yuko wapi wa maji ya chumvi, kwa mipangilio hiyohiyo ya kamera?"

Alikuwa na haki kabisa, na kwa upole wake wote swali lile lilinikata maini. Nilishuka jioni ile, nikakata yale mawili. Nikaacha kamera kama ilivyokuwa siku ile, sikugusa kitu.

Ini la panya ambaye hakupewa kitu liling'aa kijani.

Ini linang'aa lenyewe, na lina sababu nyingi kuliko viungo vingi vya mwili. Flavini, kemikali za asili zilizomo kwenye seli, hutoa kijani zikipigwa mwanga wa buluu, karibu kabisa na kijani cha GFP. NADH, kemikali nyingine ya seli, hutoa buluu. Vitamini A iliyohifadhiwa kwenye seli za pembeni ya mishipa huwaka ukiimulika kwa urujuanimno, kisha hufifia ndani ya sekunde chache. Halafu kuna lipofusini, mabaki ya rangi ya kahawia yanayorundikana ndani ya seli kadiri mnyama anavyozeeka. Yenyewe huwaka kwenye kijani, njano, mpaka nyekundu. Fomalini tunayohifadhia tishu huongeza mng'ao zaidi. Chombo kinachofanya kazi zote hizi za kemia mwilini hakiwezi kuwa cheusi chini ya hadubini. Nilipaswa kulijua hilo kabla ya kugusa kitufe cha kamera.

Nikayatazama upya maini yangu sita. Safari hii nilianza na la maji ya chumvi: nikapunguza kamera mpaka likawa karibu jeusi, nikafunga mipangilio, ndipo nikaweka ya virusi. Nikapiga kila sehemu mara mbili, kwa chujio la kijani na kwa la nyekundu. Doa linaloonekana kwenye machujio yote mawili ni lipofusini au jamaa zake. Linaloonekana kwenye kijani peke yake lina nafasi ya kuwa GFP. Kisha vipande vingine nikavipaka kingamwili inayoitambua GFP, ili nisitegemee mng'ao pekee. Niligundua pia kosa jingine: baadhi ya vipande nilivikata kutoka kwenye tishu iliyogandishwa bila kuhifadhiwa vizuri kwanza, na GFP, ambayo huelea ndani ya seli, huvuja vipande vya namna hiyo vikilowa. Yaani kijani cha kweli kilikuwa kinaondoka na cha uongo kinabaki.

Kilichobaki baada ya hayo yote kilikuwa kidogo kuliko nilivyotangaza. Panya wanne walikuwa na kijani cha uhakika, wawili karibu hawakuwa nacho. Waliong'aa zaidi walikuwa madume. Hilo nalo lina maelezo yanayojulikana tangu miaka 20 iliyopita, kwamba ini la panya dume hupokea AAV vizuri zaidi kuliko la jike, na homoni za kiume zinahusika. Mimi nilikuwa nimechanganya madume na majike bila kufikiri.

Lakini kijani hicho kidogo kilikuwa na umbo. Ile picha ya kwanza ilikuwa zulia, rangi moja kutoka ukingo hadi ukingo. Hii ilikuwa na visiwa. Ini limejengwa kwa vijumba vidogovidogo, damu inaingilia pembeni na kutokea kwenye mshipa wa katikati. Seli zilizong'aa zilikuwa zimezunguka mishipa ya katikati, na kadiri unavyokwenda pembeni zilikuwa zinapungua. Ndivyo AAV8 inavyofanya kwa panya. Kwa kima mambo hugeuka: utafiti uliochapishwa mwaka 2011 na maabara ileile ya Pennsylvania ulionyesha kwamba kwao seli zinazopokea zaidi ni zile za pembeni, karibu na mlango wa damu. Kirusi kilekile, ini la aina ileile, ramani kinyume. Nililisoma hilo usiku ule nikiwa na slaidi zangu mbele yangu. Bila ripota inayong'aa nani angeliona?

Wadogo zangu huniuliza kwa nini nahangaika na rangi wakati watu wanasubiri tiba. Nawajibu kwa habari ya Jesse Gelsinger. Alikuwa na miaka 18, kutoka Arizona, na upungufu wa kimeng'enya cha ini kiitwacho OTC ambao aliweza kuishi nao kwa chakula maalumu na dawa. Mwezi Septemba 1999 alijitolea kwenye jaribio la Chuo Kikuu cha Pennsylvania, akachomwa adenovirusi kwenye mshipa unaokwenda kwenye ini. Mwili wake uliipokea kwa vita vikali. Alifariki tarehe 17 Septemba, siku ya nne. Maabara iliyokuwa nyuma ya jaribio lile ni hiyohiyo ya Wilson iliyokuja kuitoa AAV8 miaka mitatu baadaye. Sisemi kwamba picha nzuri ya panya ingemwokoa kijana yule. Nasema kwamba kirusi unachompa mtu kupitia damu, huna budi kujua kinakwenda wapi, na kujua kwa hakika, kabla ya kukaribia kitanda cha mgonjwa yeyote.

Na tiba zimekuja kwa njia hiyo. Mwaka 2011 madaktari wa London na Memphis walitoa taarifa ya wagonjwa sita wa hemofilia B, ugonjwa wa damu kutoganda vizuri, waliopewa gamba la AAV8 lenye jeni ya protini namba IX ya kugandisha damu, mbele yake promota inayosomwa na ini tu. Wote sita walianza kuitengeneza protini hiyo wenyewe, na wanne wakaweza kuacha sindano za kinga walizokuwa wakichomwa. Novemba 2022 Marekani ikaidhinisha Hemgenix, ya ugonjwa huohuo, iliyobebwa na AAV5. Bei yake ilitangazwa kuwa dola milioni 3.5 kwa dozi moja. Niliposoma namba hiyo niliwaza watoto wa kwetu ambao wakigonga goti wanavimba wiki nzima, na sindano ya kawaida ya kugandisha damu ni ya kuhangaikia. Inaniuma, na sioni sababu ya kuficha.

Jambo moja zaidi kuhusu muda, maana ndilo swali letu la sasa. DNA iliyoletwa na AAV kwa sehemu kubwa haijiungi na kromosomu. Inakaa kando ndani ya kiini. Seli isipogawanyika, inadumu. Seli ikigawanyika, inapungua kwa kila kizazi, kama chai unayoiongezea maji. Ndiyo maana panya mchanga, ambaye ini lake bado linakua, hupoteza kijani haraka. Na ukimkata panya mzima theluthi mbili za ini, litarudi ukubwa wake ndani ya siku kumi hivi, lakini kijani kitakuwa kimefifia sana. Sisi tunataka kujua seli zipi ndizo zilizalisha ini jipya, kwa hiyo GFP pekee haitoshi. Sasa tunabeba jeni ya Cre, ambayo ni mkasi, na kuipeleka kwa panya waliozaliwa na jeni nyekundu iliyozibwa kwenye kila seli. Mkasi ukiingia kwenye hepatosaiti unakata kizibo, na kuanzia hapo seli hiyo ni nyekundu, na watoto wake, na wajukuu. Hata kirusi kikishapotea, ukoo unaonekana.

Panya hao wekundu niliwaanza mwezi uliopita. Kabla ya kuwachoma nilimtumia mama picha mpya za kijani, mbili pamoja: kushoto ini la maji ya chumvi, kulia ini la virusi lenye visiwa vyake. Nikamweleza kwamba ile ya mwanzo nilikosea, na hii ndiyo ya kweli. Nilidhani atasikitika kwamba haipendezi kama ile. Akapiga simu.

"Sasa huyu mweusi yeye mlimfanya nini?"

"Tulimchoma maji ya chumvi tu, mama."

"Hakuwa na virusi?"

"Hakuwa navyo."

Akanyamaza. Nilisikia redio yake nyuma. "Naye amekufa?"

"Naye."

"Basi msimsahau," akasema, kisha akaniuliza kama nimekula.

Asubuhi yake nilifungua ukurasa mpya kwenye daftari la maabara. Nikaandika kwanza namba za panya wanne wa maji ya chumvi, jinsia zao, uzito wao na siku waliyozaliwa. Chini yake nikaandika wa virusi. Vipande vitakatwa kwa mpangilio huohuo.